Kikopo cha pilipili kwenye funguo zangu: tathmini baada ya miezi 18 ya zamu za usiku

Ninafanya kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba moja ya wagonjwa pembezoni mwa jiji la Fort Worth, Texas, na kwa muda mrefu zamu yangu imekuwa ya saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Wafanyakazi haturuhusiwi kuegesha magari mbele, kwani nafasi hizo ni za wageni na za magari ya wagonjwa. Sisi huegesha nyuma, ng'ambo ya mapipa makubwa ya taka, na kutoka pale hadi mlango wetu ni hatua 140, nyingi kati ya hizo zikiwa gizani. Mwenzetu mmoja aliponyang'anywa mkoba kati ya gari na mlango, tulianza kuulizana tufanye nini, na jibu lililorudiwa zaidi lilikuwa dawa ya pilipili ya kumpulizia mshambuliaji usoni, ambayo hapa Marekani huuzwa katika vikopo vidogo vya kutundikwa kwenye pete ya funguo. Nimebeba vikopo hivyo kwa miezi 18 sasa. Wadogo zangu wanaoanza kazi za usiku wamekuwa wakiniuliza kama vinafaa, na kwa kuwa jambo lenyewe linahusu usalama wa mwili wa mtu, sioni kama ni haki kuwajibu kwa neno moja.

Kikopo cha kwanza nilikinunua kwa bei ya chini kwenye kaunta ya kituo cha mafuta, kikiwa na rangi ya waridi na kimening'inizwa pamoja na viberiti vya gesi na miwani ya jua. Hakikuwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, wala hakikueleza nguvu ya dawa iliyomo isipokuwa kwa maneno makubwa ya kusifu ukali wake. Siku ya nne niliingiza mkono mkobani kutafuta mafuta ya midomo, nikayapaka, na kabla sijafika mwisho wa korido midomo ilikuwa inawaka. Nikakosea tena, nikajifuta jasho usoni, kidole kikagusa kope. Yeyote aliyewahi kukatakata pilipili mbuzi kisha akajisahau akafikicha jicho anayajua maumivu hayo, lakini yale ya jikoni hupoa mapema, na haya yalinikalia karibu saa nzima, huku jicho likijifunga lenyewe kila nilipojaribu kulifungua. Asubuhi nilipoukagua mkoba nilikuta doa la rangi ya machungwa chini kabisa, na kichwa cha kikopo kikiwa na unyevu. Kilikuwa kikivuja. Nimelieleza tukio hili mwanzoni kwa sababu lilinifundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba dawa hii ni kali kweli, na kwamba kikopo kibovu humdhuru mbebaji wake kabla ya kumfikia mtu mwingine yeyote.

Kikopo cha pili, ambacho ndicho hasa ninachokitathmini hapa, ni kile kidogo cha SABRE, kampuni ya jimbo la Missouri, nilichokinunua katika duka la vifaa vya michezo kwa dola zipatazo 12. Kina aunsi 0.54 za dawa, yaani takriban mililita 16, na urefu wake hauzidi sana ule wa kidole cha kati cha mtu. Maelezo ya kampuni yanasema kinatoa mipulizo ipatayo 25 mifupi, dawa inafika umbali wa futi 10, sawa na mita 3, na kwamba ndani yake mna rangi isiyoonekana kwa macho ambayo hung'aa chini ya taa ya urujuanimno, ili polisi waweze kumtambua aliyepulizwa. Tarehe ya mwisho wa matumizi imechapishwa wazi. Kampuni inakipa kikopo maisha ya miaka 4 tangu kutengenezwa. Dawa yenyewe haichachi haraka, ila shinikizo la gesi inayoisukuma ndilo linalopungua, na siku ukibonyeza itoke matone tu badala ya mchirizi, umri wa kikopo ndio wa kuulizwa kwanza.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni pete yake inayochomoka. Mtu asiyefanya kazi usiku anaweza kuiona kuwa pambo, lakini fikiria umesimama mlangoni, ufunguo umo tunduni, na nyuma yako unasikia nyayo. Kikopo kilichofungwa moja kwa moja kwenye funguo kinakulazimisha uchomoe ufunguo kwanza ndipo uwe na silaha, na ukishauchomoa huna tena njia ya kuingia ndani. Kwa pete hii unavuta, kikopo kinabaki mkononi, ufunguo unabaki mlangoni. Nimelijaribu jambo hili mara nyingi kwenye mlango wangu mwenyewe, na halijaninyima usingizi tena.

Kuhusu ukali, mnunuzi asibabaishwe na namba kubwa. Pilipili hupimwa kwa skeli iliyobuniwa mwaka 1912 na mfamasia wa Kimarekani, Wilbur Scoville, na vikopo vingi vinajisifu kwa vipimo vya milioni 2 au hata milioni 5 vya skeli hiyo. Namba hizo mara nyingi ni za mafuta ya pilipili kabla ya kuchanganywa na kimiminika kinachoyabeba, kwa hiyo hazikuambii kitakachomfikia mtu usoni. Hata asilimia ya mafuta ya pilipili haitoshi, kwa kuwa mafuta yenyewe yanaweza kuwa makali au hafifu. Kipimo cha kukitafuta ni asilimia ya kapsaisinoidi kuu, yaani zile kemikali zenyewe zinazowasha. SABRE wanachapisha 1.33, POM, ambao ni washindani wao wa karibu madukani, wanachapisha 1.4. Kikopo kisichotaja kipimo hiki mahali popote, mimi sikinunui tena.

Ni vyema pia kufahamu dawa inavyofanya kazi, maana ndipo mtu anapojua kipi akitarajie na kipi asikitarajie. Kapsaisini, yaani kemikali kuu inayoifanya pilipili iwashe, hugonga kipokezi kilekile cha neva ambacho mwili hukitumia kutambua joto la kuunguza. Mwanasayansi David Julius, aliyekigundua, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian kwa kazi yao juu ya hisia za mwili. Ubongo unaamini kwamba uso unaungua, kope zinajifunga bila hiari, kikohozi kinapanda, pua na macho vinatiririka. Hali hiyo kwa kawaida hudumu kati ya nusu saa na robo tatu ya saa. Hata hivyo dawa haimwangushi mtu chini kama tunavyoona kwenye filamu. Inaweza kuchukua sekunde kadhaa kabla haijamkolea, miwani inaweza kuyakinga macho, na mtu aliyelewa sana au mwenye hasira iliyompanda anaweza kuendelea kuja huku macho yamefumba. Mtu akisimama palepale kuangalia kama imefanya kazi, anakamatwa na kipofu.

Sasa nije kwenye mazoezi, maana hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuliko kwenye maandishi yoyote ya kiwandani. SABRE wanauza pia kikopo cha mazoezi chenye maji matupu, umbo lilelile na kitufe kilekile. Mume wangu alichukua boksi la friji, akalichora macho na mdomo kwa kalamu nene, akaliegemeza kwenye uzio wa nyuma. Mara ya kwanza nilianza kikopo kikiwa ndani ya mkoba, kama nilivyokuwa nikikibeba siku zote, na yeye akawa anahesabu kwa sauti. Nilifungua zipu, nikapapasa, nikatoa chaja ya simu, nikapapasa tena, nikakipata, nikakigeuza nione tundu limeelekea wapi, nikazungusha kifunguo cha usalama upande usio sahihi, kisha upande ulio sahihi, ndipo maji yakatoka. Alikuwa amefika 11. Katika sekunde 11 mtu anayetembea kawaida anavuka zaidi ya mita 10, na mtu anayekimbia alishanifikia zamani. Tulirudia nikiwa nimekishika tayari kiganjani, na maji yalimpata yule mtu wa boksi kabla mume wangu hajamaliza kutamka "mbili".

Tangu siku hiyo kikopo hakijalala mkobani. Kinatoka nikiwa bado ndani ya gari, milango imefungwa, na kinarudi mahali pake nikishaingia ndani ya jengo. Ninakishika kwa ngumi, kidole gumba kikiwa juu ya kitufe. Wengi hutumia kidole cha shahada kama wanavyopuliza manukato, lakini mshiko huo ni dhaifu na mtu anaweza kukipokonya kwa urahisi. Shabaha ni macho, na mkono husogea kutoka sikio hadi sikio badala ya kulenga nukta moja. Mara tu baada ya kupuliza ninaruka pembeni, kisha ninakimbilia kwenye mwanga na watu. Mazoezi haya tuliyafanya baadaye na wenzangu 5 wa zamu, tukipokezana kikopo cha maji, na kila mmoja aligundua kosa lake: mmoja kucha zake ndefu zilizuia kidole kufika kwenye kitufe, mwingine alikielekeza kikopo kifuani pake mwenyewe. Afadhali makosa hayo yatokee kwenye maji.

Kifunguo cha usalama cha kuzungusha kinahitaji mkono uliokizoea, hasa mtu akiwa amevaa glavu za baridi. POM wao wanatumia kifuniko kidogo cha kunyanyua kwa kidole gumba, na baadhi ya wenzangu wanakiona chepesi zaidi. Mimi nimebaki na cha kuzungusha kwa sababu hakijawahi kufunguka chenyewe mfukoni, na baada ya kilichonipata kwenye mkoba, jambo hilo kwangu lina uzito mkubwa.

Nilitaka pia kuhakikisha kwamba kikopo halisi kinatoa mchirizi unaoeleweka, kwa hiyo jioni moja ya Januari nilipuliza mara moja, nusu sekunde tu, nje, mbali na nyumba za majirani. Mchirizi ulikwenda sawasawa na kulifikia boksi kwa mita zipatazo 3. Lakini upepo ulikuwa wa ubavuni, na haukupita muda mrefu ukarudisha vitone vidogo ambavyo hata hatukuviona. Mume wangu, aliyekuwa amesimama hatua kadhaa nyuma yangu, alianza kukohoa kabla yangu. Hilo ndilo tatizo la dawa ya majimaji, na ndilo linalowafanya wengine wachague ile ya mfano wa jeli, ambayo ni nzito, haipeperuki kirahisi, na inafaa zaidi ndani ya majengo. Jeli nayo ina gharama yake: inataka shabaha nzuri zaidi, na kwa kuwa haisambai hewani haimwingii mtu puani upesi kama ile ya majimaji. Kwa eneo la wazi kama letu nimeridhika na majimaji. Ndani ya lifti au gari sitatumia yoyote kati ya hizo mbili isipokuwa nimekosa njia kabisa, maana hewa ni moja na sote tutaivuta. Mwenye pumu azungumze na daktari wake kabla ya kuanza kubeba, kwa sababu kikohozi ambacho mimi nilikivumilia kinaweza kumfunga yeye pumzi.

Aliyepatwa, awe mlengwa au mbebaji, asifikiche macho. Aende kwenye hewa safi, apepese kope kwa haraka ili machozi yasaidie kuosha, atoe lenzi za macho kama anazivaa, kisha aoshe kwa maji mengi baridi kwa dakika 10 hadi 15. Ngozi ioshwe kwa sabuni isiyo na mafuta, kwa sababu dawa yenyewe ni ya mafuta na losheni huisambaza zaidi. Maziwa yanasifiwa sana, lakini majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 2008, ambapo watu walipakwa dawa hii kisha wakatibiwa kwa maji, maziwa, shampuu ya watoto na dawa nyingine mbili, hayakuona tofauti ya maana kati yao. Kilichopunguza maumivu kilikuwa muda. Muda ukipita na pumzi ikaendelea kubana au jicho likabaki na ukungu, hospitali haikwepeki.

Je, nimewahi kumpuliza mtu? Sijawahi. Nimekaribia mara moja tu. Ilikuwa usiku wa Jumapili, dakika chache kabla ya saa tano, mwanaume mmoja alitokea nyuma ya mapipa ya taka akawa ananijia huku akisema jambo kuhusu nauli. Nilisimama, nikainua mkono wa kushoto kiganja kikiwa mbele, nikamwambia kwa sauti kubwa asisogee, na mkono wa kulia ulikuwa kifuani ukiwa na kikopo kilichokwisha kufunguliwa. Alikiona, akasimama, akanitazama kwa muda, akarudi alikotoka. Huenda alikuwa muhitaji wa kweli wa nauli. Ndiyo sababu ninashukuru kwamba mikono yangu ilijua la kufanya na haikulazimika kufanya zaidi, kwa kuwa mtu aliyejiandaa anaweza kusubiri sekunde moja zaidi kabla ya kubonyeza, na sekunde hiyo ilimwepusha mtu ambaye pengine hakuwa na hatia.

Kisheria, Texas haina ugumu: kanuni yake ya makosa ya jinai, katika sura ya 46, inazitoa chupa ndogo zinazouzwa madukani kwa ajili ya kujihami katika orodha ya silaha zilizopigwa marufuku. Ruhusa ya kubeba haimaanishi ruhusa ya kumpuliza mtu mliyegombana naye kwenye foleni. Hilo ni shambulio, na mtu atalijibu mahakamani. Majimbo mengine yana masharti yake. New York, kwa mfano, inataka mnunuzi awe na umri wa miaka 18 na anunue kwa mfamasia au muuza silaha mwenye leseni, na Wisconsin inaweka kikomo cha asilimia 10 ya mafuta ya pilipili. Kwenye ndege ni marufuku kuingia nacho ndani. Mamlaka ya usalama wa usafiri inaruhusu kopo moja lisilozidi mililita 118 kwenye mzigo unaokaguliwa, tena liwe na kifunguo cha usalama, ingawa mashirika mengi ya ndege yenyewe hayakubali hata hilo.

Mdogo wangu anayeishi Leicester aliponisikia nikisifia kikopo changu, aliniomba nimtumie kimoja kwa posta. Nilimkatalia, na ninaomba kila mwenye ndugu Uingereza akatae vilevile. Kule, Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1968 inakiweka kikopo hiki katika kundi la silaha zilizopigwa marufuku, na anayekutwa nacho anaweza kufungwa jela hata kama alikibeba kwa hofu tu. Nilimnunulia king'ora cha mkononi, kile cha kuvuta pini kikapiga kelele, ambacho kule ni halali. Mtu anayerudi nyumbani Afrika Mashariki naye asikitie kwenye sanduku kwa kudhani kwamba kilicho halali Texas ni halali kila uwanja wa ndege.

Usumbufu mkubwa zaidi wa kubeba dawa hii, kwangu, umekuwa joto. Maandishi ya kikopo yanakataza kukiacha mahali penye joto linalozidi nyuzi 49 za selsiasi, na gari lililofungwa chini ya jua la Texas mwezi Agosti linavuka kiwango hicho bila shida, hivyo kikopo kinaweza kuvuja au kupasuka. Mwajiri wangu, kwa upande mwingine, hataki kiingie wodini, na ninamwelewa; wazee tunaowahudumia wengine wamepoteza kumbukumbu na hushika chochote kilicho mezani, na pumzi zao ni dhaifu. Kwa hiyo huwezi kukiacha garini na huwezi kuingia nacho kazini. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikikiacha nyumbani kila nilipojua kwamba nitaongezewa zamu ya mchana, jambo lililomaanisha kwamba siku nitakapotoka usiku nitakuwa mikono mitupu. Mwishowe tulikwenda watu 6 kwa msimamizi wa wauguzi, tukamweleza, naye akatupa droo yenye kufuli kwenye chumba cha mapokezi, ambamo kila mmoja anaweka kikopo chake anapoingia na kukichukua anapotoka. Nilipomshukuru alinijibu, "Mngeniambia mapema," na kwa kweli tulichelewa.

Kwa hatua 140 za usiku, kwa mtu mzima mwenye afya ambaye yuko tayari kufanya mazoezi kwa maji angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu, ninakipendekeza kikopo hiki bila kusita. Kwa yule atakayekitupa mkobani na kukisahau, dola zake 12 ni afadhali azitie mafuta. Changu kinakwisha muda mwakani mwezi Machi; nimeshaiandika tarehe hiyo ndani ya mlango wa droo, pamoja na za wenzangu wote, ili yeyote atakayeona tarehe imepita amwambie mwenzake kabla hajatoka nje.